Kiwimbi Juu ya i

Kazi yangu ni kuchora herufi. Nikimwambia mtu hivyo, mara nyingi huuliza ni herufi gani ambazo bado hazijachorwa. Ni swali la haki. A ipo, B ipo, zote tulifundishwa chekechea, na kila simu inakuja nazo tayari. Badala ya kujibu, huiomba simu yake nikaandika neno moja la Gĩkũyũ: ĩĩ. Maana yake ni "ndiyo". Mama zetu hulitamka mara mia kwa siku, sokoni, kanisani, kwenye simu, hata wakati hawakubaliani nawe na wanataka tu umalize kusema. Nikishaliandika nabadilisha fonti mara tatu au nne. Katika fonti ya kwanza viwimbi viwili vimegongana vikawa mstari mmoja uliopinda kama nyoka. Katika ya pili vimekatwa vichwa kwa sababu havikuachiwa nafasi juu. Ya tatu haina kabisa herufi hiyo, kwa hiyo simu imeiazima kwenye fonti nyingine, na neno zima linaonekana nene na geni katikati ya sentensi. Hapo ndipo mwenye simu husema, "Kumbe."

Sababu yake ni rahisi kueleza. Wachora fonti hawachori upya kila herufi yenye alama. Huchora kiwimbi kimoja wakakitumia kwa zote: ã na õ za Kireno, ñ ya Kihispania, kisha ĩ na ũ. Programu inakibandika yenyewe katikati ya herufi, kwa sekunde. Kiwimbi hicho aghalabu hupimwa kwa n, kwa kuwa ñ ndiyo wanayokutana nayo mara nyingi. Lakini i ni nyembamba. Ukiivalisha kofia ya n, kofia inatokeza pande zote mbili na kumgonga jirani. Mhispania hawezi kuliona tatizo hili maana lugha yake haina ĩ. Sisi tunaliona kwenye jina la lugha yenyewe. Gĩkũyũ: herufi sita, viwimbi vitatu, na ile k imesimama kati ya viwimbi viwili vya kwanza kama nguzo ya stima.

Kwa ufupi, ninachofanya ni kuishonea i kofia inayoitosha. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka minne katika fonti moja, na wakati huo huo nimekuwa nikijiuliza kama miaka minne mingine itakuwepo.

*

Makala haya nayaandika kwa Kiswahili, na Kiswahili hakina shida hizi. Kina irabu tano, na taipureta ya kawaida ya Kizungu iliziandika zote bila kuongezewa kitufe. Alama pekee tunayoihitaji ni ile ya ng', na hata hiyo ina vituko vyake. Mtu anayeitwa Ng'ang'a akijaza fomu kwenye intaneti huambiwa jina lake lina herufi zisizokubalika. Kwa kompyuta, alama iliyonyooka na ile iliyopinda ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo ukitafuta "ng'ombe" kwa moja unaweza kumkosa ng'ombe aliyeandikwa kwa nyingine. Lakini hayo ni madogo. Anayesoma na kuandika Kiswahili anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua kwamba kuna mtu aliyekaa mahali akaamua a iwe na tumbo kiasi gani.

Gĩkũyũ kina irabu saba. Wamisionari walipokiandika walikuwa na herufi tano za Kirumi, kwa hiyo mbili zikaongezewa kiwimbi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wataalamu wa taasisi moja ya lugha za Kiafrika iliyokuwa London walipendekeza njia nyingine: kuacha alama za juu na kutumia herufi mpya kama ɛ na ɔ. Lugha nyingi za Afrika Magharibi zilifuata njia hiyo. Gĩkũyũ, Kĩkamba na jirani zao wa Mlima Kenya walibaki na viwimbi.

Wengi wetu tunaviacha tunapoandika. Vinatafutwa mbali kwenye kibodi, na msomaji ataelewa tu. Mara nyingi anaelewa kweli. Lakini chukua kitenzi kimoja. Gũtũma ni kutuma. Gũtuma, u ya pili ikiwa haina kiwimbi, ni kushona au kufuma. Ukimwandikia dada yako "tuma mbeca" bila kiwimbi, umemwambia azishone pesa. Cha kunifurahisha ni kwamba Kiswahili kiliwahi kukabiliana na jozi hiyo hiyo. Maneno haya mawili yalitoka kwa mababu wamoja wa Kibantu, yakiwa na irabu mbili tofauti. Kiswahili kilipozichanganya irabu hizo kikabadilisha konsonanti ili maana isipotee: tuma, fuma. Gĩkũyũ kiliziacha konsonanti kikazitunza irabu. Kwa hiyo kiwimbi ninachokichora kinafanya kazi ile ile inayofanywa na f katika Kiswahili. Hakuna mtu ambaye angekubali simu isiyo na f.

Mwandishi wetu mkubwa kuliko wote alibeba shida zote hizi katika jina lake: Ngũgĩ wa Thiong'o. Ana ũ, ana ĩ, ana ile alama ya ng'. Riwaya yake *Caitaani Mũtharaba-inĩ* aliiandika kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti, mwaka 1978, na ikachapishwa 1980. Kalamu haina fonti. Kiwimbi cha mkono kinakaa pale mkono unapokiweka. Alipofariki Mei 2025 nilisoma taarifa nyingi, za hapa na za ng'ambo. Baadhi ziliandika jina lake kikamilifu. Nyingine ziliandika Ngugi, kwa mtu aliyetumia miaka zaidi ya arobaini akitetea haki ya lugha yake kuandikwa.

*

Baba yangu alikuwa mwandishi wa mabango mjini Thika. Alianza mwaka 1983 akiwa mwanafunzi wa mzee mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na kituo cha mabasi. Aliandika bucha, vinyozi, mashine za posho, hoteli, milango ya malori ambapo lazima kuwe na jina la mwenye lori, sanduku la posta na uzito. Aliandika mbao za makanisa, na hapo ndipo Gĩkũyũ kilipokuwa kwa wingi. Nilikuwa namshikia mkebe wa rangi siku za Jumamosi.

Alikuwa anafunga kamba yenye chaki ukutani, anaivuta na kuiachia, na mstari mweupe unabaki. Halafu hakupima tena. Kila baada ya herufi tatu au nne alishuka kwenye ngazi, akavuka barabara na kutazama akiwa upande wa pili, huku magari yakipita katikati. Nilipomuuliza anatazama nini aliniambia anatazama rangi isiyokuwepo. "Herufi yoyote mjinga anaweza kuipaka. Angalia pale katikati, kati ya A na V. Pale ndipo wanaposhindwa." Baadaye nikakuta watu Uholanzi na Uingereza wanaofundisha jambo hilo kwa mihula miwili.

Kiwimbi cha ĩ alikipiga kwa mgeuko mmoja wa brashi, kifupi, kisichozidi upana wa ile nukta ambayo kingechukua nafasi yake. Cha ũ alikipiga kirefu zaidi, kimelala. Sijawahi kumwona akifikiri kuhusu hilo. Miaka kumi baadaye, nilipokuwa na kompyuta mbele yangu na ĩĩ zinagongana, nilikwenda Thika nikapiga picha ubao wa kanisa aliouandika mwaka 1997. Jibu lilikuwa pale, limepauka kwa jua.

Kazi yake haikufa siku moja. Kwanza zilikuja sheria mpya za matatu mwaka 2004, na michoro mingi ikafutwa. Kisha wakaja vijana wenye mashine ya kukata stika, na baada yao wenye mashine kubwa za kuchapa mabango ya plastiki. Bango ambalo baba alilifanya kwa siku mbili likawa linatoka kwa nusu saa, likiwa na picha ya kuku wa kukaanga. Herufi zake zilikuwa karibu kila mara Arial iliyovutwa upande hadi ijaze nafasi. Baba alisimama mbele ya la kwanza kuliona mtaani kwetu, akalitazama kwa muda mrefu, akasema tu, "Hii S imeanguka." Wateja hawakuiona S ikianguka. Kufikia mwaka 2010 alikuwa anapaka nyumba rangi ya kawaida, ukuta mzima, bila neno hata moja.

Hadi leo hajachukua mwanafunzi mwingine. Ni mimi tu, na mimi nikaenda kwenye kompyuta, yaani upande wa waliomshinda. Hajawahi kunilaumu kwa hilo. Huniita "maitũ", mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na mtu huwa halaumu mama yake kwa urahisi.

*

Nilijifunza kwa programu ya bure inayoitwa FontForge, kwenye kompyuta iliyotumika niliyoinunua Luthuli Avenue. Shule za kazi hii zipo. Chuo Kikuu cha Reading kule Uingereza kimekuwa na shahada ya uzamili ya kuchora fonti tangu 1999, na kuna nyingine ya zamani mjini The Hague. Karo yake nilipoiona nilifunga ukurasa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Saki Mafundikwa, Mzimbabwe aliyekuwa akifanya kazi New York, alirudi Harare akaanzisha shule ya usanifu, ZIVA, na 2004 akachapisha *Afrikan Alphabets*, kitabu cha maandishi ambayo Waafrika waliyabuni wenyewe. Nilikipata kitabu hicho kwa kuazima, na nilikirudisha kwa shingo upande.

Kilichonifunza zaidi ni watu. Wachora fonti duniani ni wachache. Ni jamii ambamo ukituma picha ya g yako usiku, asubuhi unakuta mzee wa Uholanzi usiyemjua ameichora mistari myekundu na kukueleza kwa aya nne kwa nini sikio lake ni zito. Wananuna kama mafundi wa kila mahali, na wanagawana maarifa kama mafundi wachache. Nimewahi kusahihishwa na mtu aliyechora fonti ambayo naamini umeshaisoma leo. Hakuniuliza natoka wapi hadi barua ya tano, na alipojua akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kwenu, kiwimbi kinaandikwaje kwa mkono?"

Nikaanza pia kuona wengine waliofika kabla yangu. SIL, shirika la lugha lenye mizizi ya kimisionari, lina fonti ya wanaojifunza kusoma ambayo jina lake ni la Kiswahili, Andika. Ndani yake I kubwa, l ndogo na 1 haziwezi kuchanganywa. Kuna pia ndugu wawili wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry, ambao mwaka 1989, wakiwa watoto, walikaa nyumbani kwao wakabuni herufi za Kifulani ambazo leo zinaitwa Adlam. Waliziandika kwenye madaftari na kuzifundisha watu mkono kwa mkono. Ziliingia katika Unicode, jedwali ambalo kompyuta zote hulitegemea, mwaka 2016. Miaka ishirini na saba. Nikichoka huwa nazihesabu.

Na sisi tumesaidiwa na watu wasiotujua. Katika miaka ya 1990 jedwali la Windows la Ulaya Magharibi lilikuwa na nafasi 256 tu. ã, ñ na õ zilipata viti. ĩ na ũ hazikupata. Unicode ilizipa nafasi tangu miaka yake ya mwanzo, lakini kupewa nafasi si kuchorwa. Walichora kwa sababu ya Kivietnam, ambacho nacho kina ĩ na ũ. Fonti ikitajwa kuwa inafaa Vietnam, Mkikuyu na Mkamba wanapanda gari hilo hilo bila kulipa nauli. Tatizo ni kwamba gari halikujengwa kwa miguu yetu. Mpangilio wa herufi zinazokaribiana kwao si wetu, na ile ĩĩ inaendelea kugongana.

*

Jamii hii imekuwa ikijiuliza kuhusu kesho yake tangu izaliwe. Chama chake cha kimataifa, ATypI, kilianzishwa mwaka 1957 na Charles Peignot wa Ufaransa, na mojawapo ya mambo yaliyomsukuma ni wizi wa maumbo. Teknolojia mpya ya kupiga picha herufi ilifanya kunakili kuwe rahisi. Mwaka 1978 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba umbo la herufi halilindwi na hakimiliki. Hadi leo kinacholindwa huko ni faili ya kompyuta. Umbo lenyewe, ule mkunjo wa a uliokukosesha usingizi, ni la kila mtu. Arial ilichorwa na Monotype mwaka 1982, upana wa kila herufi ukifuata ule wa Helvetica. Mwaka 1993 Hermann Zapf, mmoja wa mabingwa wa karne, alijiuzulu ATypI kwa sababu fonti iliyofanana mno na Palatino yake ilikuwa inauzwa na mwanachama mwenzake. Kwa hiyo tunaposema leo kwamba mashine zinajifunza kwa kazi zetu bila ruhusa, wazee hutikisa kichwa. Wameshauona mwanzo wa filamu hii.

Yako mengine yaliyobana kazi. Google ilianza kugawa fonti bure mwaka 2010, na mteja wa kawaida hajui tena kwamba fonti huwa inanunuliwa. Maduka makubwa yamemezana: Monotype ilinunua Linotype mwaka 2006, FontShop 2014, Hoefler & Co. 2021. Mchoraji mmoja mmoja amebaki kama muuza mboga aliyejikuta nje ya supamaketi. Mimi mwenyewe naishi kwa kusanifu vitabu vya shule na vifungashio. Fonti ni kazi ya usiku.

Kisha ikaja akili unde. Mwaka jana mteja wangu wa majani chai alinipigia kusema hahitaji tena nimchoree jina la pakiti. Alikuwa ameliagiza kwenye programu, akapata michoro arobaini kabla chai yake haijapoa. Aliniomba tu nimrekebishie mmoja, kwa sababu mashine ilikuwa imeweka kiwimbi juu ya m. Nilimrekebishia. Alinilipa robo ya bei ya kawaida, na kwa haki yake, kazi ilikuwa ya dakika kumi.

Kiwimbi juu ya m. Wenzangu walipoiona picha hiyo walicheka, wakasema tazama, mashine haijui kitu, tuko salama. Mimi sikucheka sana. Nilimkumbuka baba mbele ya S iliyoanguka. Yeye pia alikuwa sahihi kuhusu ile S, na usahihi wake haukumletea mteja hata mmoja.

*

Barua ilikuja Februari, kutoka kampuni moja ya ng'ambo ambayo sitaitaja. Waliiona fonti yangu. Inapatikana bure, chini ya leseni huria ya SIL: mtu yeyote anaweza kuitumia, kuibadilisha, kuiweka ndani ya kitabu au programu, asichoruhusiwa ni kuiuza peke yake. Kwa hiyo fonti wangeweza kuichukua bila hata kunisalimia. Walichotaka ni kingine. Walitaka rasimu: faili zote za miaka minne, kila toleo nililolitupa, pamoja na maelezo niliyojiandikia pembeni, kama "hapa k inaumia, sogeza" au "baba angekifupisha". Walikuwa wanafundisha mfumo utakaoweka alama juu ya herufi katika maelfu ya fonti kwa mkupuo, kwa lugha zenye mifano michache. Fedha waliyotaja ilitosha kodi yangu ya nyumba kwa miezi 14.

Nilisoma mkataba mara tatu. Kifungu cha tisa kilisema kwamba kwa miaka mitatu sitafanya kazi ya aina hiyo kwa mtu mwingine yeyote, na jina langu halitatajwa.

Nilipeleka jambo hilo Thika. Nilitarajia baba akasirike kwa niaba yangu. Nadhani nilikuwa nimeenda kutafuta hasira hiyo. Alikuwa anamenya viazi. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili kuhusu fedha, kisha akasema, "Maitũ, mimi hakuna aliyekuja kuniuliza. Hata shilingi. Walikuja tu na mashine yao. Wewe umeulizwa, na unalipwa. Pesa chukua."

Nikamweleza kifungu cha tisa. Aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo kwa miaka mitatu huwezi kuandikia mtu ĩĩ?"

Nikamwambia si hivyo hasa, lakini karibu.

"Basi hicho kifute. Kwa kalamu, wakione kimefutwa. Na waandike jina lako. Mimi niliandika langu chini ya kila bango, pembeni, dogo. Wenye maduka hawakupenda, lakini niliandika."

Sikuwa nimewahi kuliona jina hilo pembeni, mimi niliyemshikia mkebe. Jioni ile nilipitia tena picha ya ubao wa kanisa. Lipo, kona ya chini kulia, lenye ukubwa wa kucha.

Nilifuta kifungu kwa kalamu, nikapiga picha ukurasa na kuutuma. Walikaa kimya wiki sita. Walipojibu walikuwa wameondoa ile miaka mitatu, wamekataa kuandika jina, na fedha wameipunguza hadi theluthi moja. Wenzangu wawili, mmoja Lagos na mwingine Lisbon, walinishauri nikatae, na hoja zao zilikuwa nzuri. Tukiuza rasimu zetu mmoja mmoja, kwa bei ya mmoja mmoja, tutakuwa tumeuza ngazi ambayo sote tuliipanda. Kuweka viwimbi mahali pake, kurekebisha nafasi kati ya herufi, kukagua ĩ dhidi ya k, hizo ndizo kazi anazopewa anayeanza. Hazina sifa, ila ndizo zinazolifundisha jicho. Mashine ikizichukua hizo, bingwa wa leo ataendelea kuwa bingwa kwa miaka kadhaa, na nyuma yake hakutakuwa na mtu.

Ninaamini kila neno la hoja hiyo. Nilitia saini hata hivyo. Mfumo ule utawekwa kwenye simu, nami niwe ndani yake nisiwe. Usipojifunza kwangu utajifunza kwa ñ, na mama yangu ataendelea kusoma "ndiyo" iliyogongana, safari hii katika maelfu ya fonti kwa mpigo. Kati ya kutotajwa jina na neno lenyewe kuandikwa vibaya, nilichagua neno. Mwenzangu wa Lagos hakuniandikia kwa mwezi mzima. Alipoandika, alinitumia ẹ yake yenye nukta chini, akitaka nimwambie kama nukta imekaa chini mno. Ilikuwa imekaa chini mno.

*

Fedha ilipoingia nililipa kodi ya miezi minne. Kilichobaki, nikaongezea akiba kidogo, kilinunua kompyuta nyingine iliyotumika. Mtumiaji wake ni msichana wa miaka kumi na tisa kutoka mtaa wa nyuma, anayechora majina kwenye matatu na ambaye mkono wake niliuona kabla sijamwona yeye: kwenye mlango wa nyuma wa gari kulikuwa na R iliyosimama vizuri kiasi cha kunifanya nishuke kituo kimoja kabla ya changu. Huja Jumamosi. Nyingine haji, maana matatu humlipa na mimi simlipi kitu cha maana. Nyanya yake ni wa Machakos, kwa hiyo anakijua Kĩkamba cha kusikia, si cha kuandika.

Jumamosi ya kwanza aliniuliza moja kwa moja kama kazi hii itakuwepo atakapofika umri wangu. Nilimsimulia habari ya baba na mashine ya stika, yote, pamoja na miaka ya kupaka kuta tupu. Nikamwambia pia kwamba matatu zimerudi kuchorwa, na kwamba watu wa Nairobi wanalipa vizuri siku hizi kuandikiwa mkahawa kwa brashi, na kwamba baba amepigiwa simu mbili mwaka huu akazikataa zote kwa sababu ya magoti. Alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo inakufa halafu inarudi kwa matajiri." Sikuwa na la kuongeza.

Jumamosi iliyopita nilimpa neno mũndũ, mtu, ambalo Kĩkamba na Gĩkũyũ wanalichangia. Nilimwachia liko kama programu ilivyolipanga, nikaenda kuteka maji. Niliporudi alikuwa ameisogeza ũ ya mwisho mbali na d, kwa sababu mgongo wa d ulikuwa unakichoma kiwimbi. Nilimwambia ameisogeza mno, neno limekatika vipande viwili. Akakataa. Alisimama, akaenda hadi mlangoni, akatoka nje, akavuka uchochoro na kuitazama skrini akiwa upande wa pili, macho ameyafinya. Sikuwa nimemfundisha hilo.

"Punguza," alisema akiwa kule kule. "Lakini si sana."